Albamu Haijaisha Mpaka Diski Isimame

Friji lenyewe lilikuwa limekufa siku nyingi. Halikuwa na gesi, waya wake wa umeme ulishakatwa, na bado fundi alipofungua mlango, hewa ya uvuguvugu ilimpiga usoni. Halikuwa joto la jua. Hewa ile ilinuka kama kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi, kabla hajapiga mswaki.

"Umelitoa wapi hili?" alimuuliza mwenye mkokoteni.

"Nyumba moja kule juu. Mama mwenye nyumba bubu, mumewe bubu, watoto nao vilevile. Wamenionyesha kwa mikono tu: lichukue, lipeleke, lisirudi."

"Nyumba nzima?"

"Nyumba nzima, fundi. Hata mlango wanaufunga polepole, utadhani wezi." Mwenye mkokoteni akacheka, akajifuta jasho, akaenda zake.

Mtu mwenye akili timamu angeufunga mlango ule na kulirudisha friji barabarani. Lakini ndani, pale panapogandishwa barafu, kulikuwa na CD, na CD kwa fundi huyu ilikuwa kama mfupa kwa fisi. Mtaa mzima ulimwita Panki. Ndevu zilishaanza kuota mvi na goti moja lilimsumbua kila akichuchumaa nyuma ya friji la mtu, lakini bado alivaa viatu vyeusi vya turubai na fulana za bendi zilizopauka mpaka majina hayasomeki. Alipenda pop panki. Magitaa yanayokimbia kama yamefukuzwa na mbwa, ngoma za haraka, vijana wanaolilia mapenzi na kuuchukia mji waliozaliwa, na juu ya kilio chote hicho tuni tamu inayong'ang'ania kichwani wiki nzima. Alijua nani aliacha bendi gani na kwa ugomvi upi, albamu ipi ilirekodiwa gereji, ipi iliharibiwa na tamaa ya kupendwa na kila mtu.

"Watu wazima wenzako wanasikiliza taarifa ya habari," mkewe humwambia.

"Taarifa ya habari haina gitaa, mama."

Basi hii CD ilimtia wazimu. Kasha halikuwa na jina la bendi wala orodha ya nyimbo. Lilikuwa na picha tu ya sebule tupu, viti vimesogezwa ukutani kama wageni wanasubiriwa. Bendi asiyoijua yeye! Aliifuta kwa fulana yake, akaiweka mfukoni, akaenda nayo nyumbani kabla saa za kazi hazijaisha.

Nyumbani alimkuta Chiriku. Huyu ndiye kitinda mimba wao, aliyekuja wakati mama yake ameshagawa nguo zote za watoto. Aliitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki: aliamka akisema, alikula akisema, alilala katikati ya sentensi. Na kati ya watu wote wa nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyeupenda muziki wa baba yake. Alipiga ngoma kwa mwiko juu ya sufuria, na penye kiitikio, pale bendi nzima inapopiga kelele pamoja, aliinua ngumi na kuitikia kama ameajiriwa.

Panki alimlea katika sheria. Albamu husikilizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuruka wimbo ni kumkata mtu kauli. Na wimbo wa mwisho ukiisha, usiinuke. Bendi hizi zina tabia ya kuficha wimbo mmoja zaidi. Wanaacha kimya kirefu, mjinga anadhani kumekwisha anazima redio, na aliyevumilia ndiye anayeupata.

"Tunasemaje?" Panki humuuliza.

"Albamu haijaisha mpaka diski isimame!"

Alasiri ile wakakaa kwenye zulia mbele ya redio. Mama Chiriku alikuwa chumba cha pili, anakanyaga cherehani yake.

"Baba, hawa wanaimba lugha gani?"

"Sijui. Lakini wanalalamika."

"Wanamlalamikia nani?"

"Msichana kamwacha. Au mwalimu. Mmoja wapo."

Ilikuwa albamu nzuri, wacha wee! Hapakuwa na wimbo mbovu hata mmoja, na wapenzi wa albamu wanajua kuwa jambo hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu. Panki alitingisha kichwa mpaka shingo ikauma. Wimbo wa mwisho ukaisha. Kikafuata kimya, na Chiriku akamkonyeza baba yake: tunangoja. Namba za kijani kwenye redio ziliendelea kuhesabu. Ile harufu ya kinywa ikaingia sebuleni, na Panki akadhani ni fulana yake. Kisha gitaa moja likaanza, polepole, na sauti ikauliza, safari hii kwa lugha yao wenyewe, lugha ya nyumbani:

"Nani yupo?"

Ngoma ikasita, ikiacha nafasi ya kuitikiwa. Na Chiriku, mtoto aliyefundwa, akainua ngumi.

"Mimi!"

"Mimi!" kundi zima likajibu ndani ya redio, na mbele yao wote, nyororo, ilisikika sauti ya Chiriku. Diski ikasimama.

Mtoto alipiga makofi kwa furaha. Akamgeukia baba yake, midomo ikacheza, ikacheza tena.

"Sema kwa sauti basi," Panki alisema, akicheka.

Daktari alimulika koo, akasema koo ni zima. Akaandika dawa ya kusukutua. Lakini Chiriku hakuwa amepoteza maneno tu. Alikohoa bila sauti, akalia bila sauti. Siku moja aliegemea jiko akaungua mkono, akapiga kelele kwa nguvu zote za kifua chake, na mama yake, aliyekuwa ameinamia cherehani hatua chache nyuma yake, alijua tu aliposikia harufu ya nyama. Tangu siku hiyo mama yule hakumpa mtoto mgongo tena.

Na Panki? Hapa ndipo ninapomchukia. Alijua. Alijua tangu ile "Mimi" ya kwanza, lakini aliogopa kusema, na badala ya kusema akawa anajifungia na ile CD mkewe anapompeleka mtoto kliniki. Alijiambia anamtafuta mwanawe. Kweli alimsikia: kila kiitikio, tangu wimbo wa kwanza, sasa kilikuwa na sauti ya Chiriku juu yake. Na mawazo yaliyompitia, Mungu amsamehe, ni kwamba albamu imekuwa nzuri zaidi.

Mkewe alimfumania kwenye wimbo wa pili. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Huyo ni mwanangu," alinong'ona.

"Mama Chiriku, ngoja nikueleze."

"Huyo ni mwanangu, na wewe unatingisha kichwa."

Yeye ndiye aliyemleta mganga: mama mwembamba mwenye viatu vya mpira, asiye na kibuyu wala hirizi, aliyesema chinichini kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Hata chai aliikataa. Alishika kasha, akanusa, akalirudisha mezani.

"Nani aliitikia?"

Wakamwonyesha Chiriku.

"Huyu jini hana mdomo. Anaazima ya watu, na anaazima kwa anayemwitikia tu."

Panki alishika nyundo yake ya kazi. "Naivunja sasa hivi."

"Vunja. Na sauti ya mwanao uivunjie humohumo."

Nyundo ikarudi mezani.

"Mtaipiga tena," mganga alisema, "yote, nami nitakaa nanyi. Ataita. Ataita kwa sauti mnazozijua. Asipojibiwa na mtu, njaa itamshinda, atatapika alichokula na kuondoka. Akijibiwa, mimi sina la kufanya."

"Tutafungua mdomo lini?" mama Chiriku aliuliza.

"Diski ikisimama. Wimbo ukiisha msiseme, mngoje diski."

Panki karibu acheke. "Hilo usinifundishe, mama. Hilo mimi ndiye mwalimu wake."

Mganga alimtazama kidogo.

Ilikuwa saa sita mchana, watoto wa mtaa wanapiga mpira nje, na humu ndani mapazia yamefungwa. Chiriku alikaa mapajani mwa mama yake, ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili kama alivyoagizwa, ingawa hakuwa na cha kuzuia. Panki akabonyeza.

Nyimbo zilipita. Kila kiitikio sauti ya mtoto ilipaa, na mama akafumba macho. Ukaja wimbo wa mwisho, kikaja kimya, ikaja ile harufu, nzito, ya moto, kana kwamba kuna mtu ameinama anawapumulia shingoni. Kisha gitaa.

"Nani yupo?"

Hakuna aliyejibu.

"Fundi!" ilikuwa sauti ya mteja wa dukani, kabisa. "Fundi, friji langu limepona?"

Panki aliuma ulimi. Baada ya mteja akaja mwenye mkokoteni, anabisha hodi, hodi wenyewe, na baada ya hodi akaja marehemu mama yake Panki, anauliza mbona hamfungulii na huku nje mvua, na baada yake mama mzazi wa mama Chiriku, ambaye yu hai na anaishi mbali, akilia kwamba ameanguka bafuni, ameanguka, mguu haunyanyuki, jamani hakuna mtu humu ndani, na mama Chiriku alitafuna upindo wa nguo yake mpaka ukalowa, machozi yanamtiririkia mtoto kichwani, na mganga pale kando ya mlango alitikisa kidole tu, hapana, hapana, hapana, mpaka sauti zikaanza kukwama, zikawa nzito, zikaburuzika kama injini inayozimika, gitaa likakatika waya baada ya waya, zikanyamaza.

Kimya. Harufu ikapungua. Nje mtu alifunga goli, watoto wakashangilia. Panki akashusha pumzi. Akaona kifua cha Chiriku kinapanda na kushuka kwa nguvu, kama mtu anayetaka kutapika, na akasikia kwikwi ndogo. Kwikwi! Sauti ya kwanza tangu siku ile.

"Baba."

Ilikuwa imekauka kidogo, kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Baba, nimerudi."

"Naam, mwanangu!" Panki alilia kwa sauti, mikono ameinyoosha. "Naam!"

Hapo ndipo alipomwona vizuri. Mikono ya Chiriku ilikuwa bado imeziba mdomo. Macho yamemtoka, na kichwa kilikuwa kinatikisika, hapana, baba, hapana. Kwenye redio namba za kijani zilikuwa zinahesabu. Kisha ngoma zikaanguka zote kwa pamoja, magitaa yakaruka, kundi likashangilia, na juu ya kundi sauti nene ya mwanamume ikaitikia, ndani ya mapigo kabisa: "Naam, mwanangu! Naam!"

Diski ikasimama.

"Nilisema mngoje diski," mganga alimwambia mama Chiriku. Hakumtazama Panki, ambaye alikuwa anafungua na kufunga mdomo.

"Mfukuze basi," mama alisema. "Nakuomba, dada yangu."

"Mwenye njaa hufukuzwa. Huyu ameshiba."

"Na sauti zao?"

Mganga alikuwa anatafuta viatu vyake.

Panki bado anatengeneza mafriji. Wateja wanamwonyesha kwa mikono, naye anajibu kwa mikono, na wenye utani wanasema afadhali, zamani alikuwa anatuchosha na mabendi yake. Siku moja alimwita kwa mkono mwenye mkokoteni akamwonyesha ile CD: ichukue, ipeleke, isirudi. Mkewe alisimama mlangoni.

"Humo ndimo mwanangu alimo," alisema. "Haitoki."

Kila alasiri mama huacha cherehani, hufunga mapazia, hukaa kwenye kiti na kuipiga, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Analia penye "Baba", anacheka penye "Naam". Nyundo iko mezani na hakuna anayeigusa. Panki hukaa kwenye zulia, na aibu yake ni hii: penye mapigo, kichwa chake bado kinatingishika.

Zamani diski ilisimama baada ya "Naam". Sasa haisimami. Kunakuwa na kimya kingine, kirefu zaidi, kisha Chiriku wa ndani ya redio anaita, polepole, kama mtoto aliyeamka peke yake nyumbani.

"Mama? Mama, upo?"

Chiriku mwenyewe hupanda nyuma ya kiti, akamziba mama yake mdomo kwa mikono yote miwili, mmoja una kovu la jiko, akakaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Hukaa hivyo mpaka diski isimame. Na mama, siku hizi, ameanza kuvibandua vile vidole, kimoja kimoja, taratibu, asije akamuumiza mtoto.