Kichwa cha Dishi Nilichokibadilisha

Simu ya Mama Mnong'ono iliingia jioni, nikiwa nakunja nyaya nielekee nyumbani. Sisi mafundi ndio tuliompa jina hilo, tangu afanyiwe operesheni ya koo. Sauti yake ni pumzi tu.

"Fundi… picha haijarudi. Wiki ya tatu hii."

Nilikuwa najua kwa nini haijarudi.

Sikia, nisikufiche. Kile kifaa kidogo kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi, sisi tunakiita kichwa. Cha kwake kilikuwa cha zamani lakini imara, kinashika hata mvua ikinyesha. Cha kwangu kilikuwa kibovu, na mama mkwe alikuwa anakuja kukaa mwezi mzima. Fundi wa dishi asiye na picha kwake, uso ningeuweka wapi? Basi nilipoenda kumsafishia mama wa watu dishi lake, nikabadilisha. Chake kwangu, kibovu changu kwake. Nikajiambia naazima. Kuazima gani huko kwa kunyemelea!

Nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Hiyo pole ilinichoma. Kwenye runinga palikuwa na maneno yaleyale: hakuna mawimbi. Nikaanza maigizo. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikazima king'amuzi, nikakiwasha, nikaguna kama daktari.

"Labda ni hali ya hewa," nikasema.

Akatazama dirishani. Hapakuwa na hata wingu moja.

Nikataka kukaa kwenye kiti cha mikono kilichokuwa mbele ya runinga. Akanishika mkono haraka.

"Si hapo. Hapo ni pa mume wangu."

"Lakini mzee si alishafariki, mama?"

"Alifariki. Mimi ndiye niliyemfumba macho." Akakaa kwenye kigoda chake. "Lakini habari ya jioni ikianza, huja. Anakohoa mara mbili, kiti kinalia, basi. Mimi simwogopi, ndiye mwenzangu. Tangu picha ipotee hajaja… Nirudishie, mwanangu. Sina mwingine."

Nywele zilinisimama.

Kwa sababu nyumbani kwangu, wiki tatu sasa, habari ikianza tu…

Kho. Kho.

Mama mkwe hunigeukia kila jioni: "Mkwe, hicho kikohozi nenda kapime!" Nami hucheka, nanywa maji, ili asijue kwamba si mimi.

"Nina kifaa nyumbani," nikamwambia Mama Mnong'ono. "Narudi sasa hivi."

Nikapanda pikipiki mbio. Mama mkwe alinikuta juu ya paa langu.

"Unang'oa nini tena, na habari inakaribia?"

"Kuna mteja ana dharura," nikadanganya. Hata pale, bado nadanganya!

Nikatia kichwa kwenye begi, begi mgongoni. Njia nzima nilisikia harufu ya dawa ya kuchua. Kali. Karibu na shingo yangu. Kisha pumzi…

Sikugeuka.

Kutega dishi ni kazi ya watu wawili: mmoja juu anasogeza, mwingine ndani anapaza sauti. Mama hana sauti. Tukakubaliana agonge dirisha kwa kijiko picha ikiingia. Nikapanda, nikafunga kichwa, nikasogeza dishi kulia.

"Bado."

Sauti ya mwanamume. Kutoka ndani.

Nikasogeza tena.

"Bado… rudisha kidogo…"

Nikarudisha.

"Hapo hapo. Kaza."

Nikakaza. Ndipo kijiko kikagonga dirisha.

Nilishuka ngazi, nikaingia. Ndani, habari ilikuwa imeanza. Mama ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, anasubiri.

Kho. Kho.

Kiti kikalia. Mto wake ukabonyea, polepole. Mama akalia machozi bila sauti, huku anatabasamu. Nikaokota spana zangu, nyingine nikaziacha, nikatoka.

Alinifuata mpaka mlangoni, akanishika shati. Nilidhani anataka kunishukuru.

"Nilikuona siku ile," akaninong'oneza. "Nilikuwa dirishani, ukikifungua. Nikasema nisikuaibishe, utarudisha mwenyewe."

Natamani angenitukana. Natamani angeniita mwizi, majirani wakasikia.

"Nisamehe, mama."

"Niambie kitu kimoja tu. Kule kwako alikuwa anakaa wapi? Miguu inamsumbua."

Nikaiona sebule yangu. Viti vinne, vyote vina watu, na kizuri kuliko vyote anakalia mama mkwe. Kile kikohozi kilikuwa kinatokea mlangoni. Kila jioni, wiki tatu, mlangoni.

"Alikuwa anasimama, mama."

Akaniachia shati.

Nyuma yake, ndani, kiti kikalia tena. Mtu alikuwa anainuka.