Jina Alilolikana Nanjala

Kila asubuhi Nanjala aliamka kabla ya shangazi yake, akateka maji mtoni, akawasha moto, akanywa chai kwa kiazi kilicholala, kisha akashika njia ya shule. Shangazi aliishi karibu na soko la Khayega. Wazazi wa Nanjala walikuwa mbali, Chekalini, kwenye shamba walilogawiwa mzungu alipoondoka. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, na shule ya huko haikuwa na darasa la tano.

Nyumbani kwa shangazi aliitwa Nanjala. Shuleni aliitwa Mildred, jina lake la ubatizo. Kule Chekalini watoto walikuwa wakificha chakula akipita, wakisema njaa imefika, kwa sababu Nanjala ni msichana aliyezaliwa wakati wa njaa. Alipofika Khayega aliamua kwamba shuleni hakuna atakayelijua jina hilo.

Siku moja Mwalimu Kageha aliwauliza wanafunzi maana ya majina yao. Alisema mtu huru anapaswa kujua anaitwa nani na kwa nini. Jepkemboi, ambaye baba yake alikuwa polisi mjini Kakamega, alieleza kwamba kwao Wakalenjin jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa usiku. Cornelius hakujua maana ya lake. Mwalimu akamwambia lilitoka kwa Warumi wa kale, na wengi husema linatokana na neno lao la pembe, na darasa zima likacheka. Mildred nalo, mwalimu alisema, ni jina la Waingereza wa zamani, lililounganisha upole na nguvu.

"Na jina lako la nyumbani?" akamuuliza.

"Sina, mwalimu. Ni Mildred tu."

Wiki hiyohiyo, katikati ya somo la hesabu, Mwalimu Kageha aliitwa ofisini. Aliporudi alisimama mlangoni, akasema kuna mtu aliyetoka mbali anayemtafuta mtoto aitwaye Nanjala.

"Yuko hapa?"

Cornelius alisema njaa anayoijua yeye iko tumboni mwake. Wanafunzi wakaangua kicheko.  Nanjala aliinamia hesabu zake. Mwalimu akasubiri kidogo, kisha akaenda kumwambia mgeni kwamba hayupo.

Wakati wa mapumziko Nanjala alikimbia mpaka barabarani. Hakukuwa na mtu. Siku hiyo hakumwambia shangazi neno lolote.

Jumamosi baba yake, mzee Wanyonyi, aliingia uani akiwa amenyoa kichwa. Shangazi alipokiona kile kichwa alijua ni msiba, akaketi chini na kulia. Baba alieleza kwamba Kukhu, bibi yake Nanjala, aliugua ghafla. Alikuwa akimwita mjukuu wake mchana na usiku. Basi wakamtuma jirani yao Sylvanus, aliyekuwa akija Kakamega na lori la mahindi. Sylvanus hakuijua nyumba ya shangazi. Aliijua shule tu, na shuleni wakamwambia hakuna mtoto wa jina hilo. Lori halikuweza kumngoja.

"Tumemzika jana," baba alisema. "Alikuita mpaka sauti ikakatika."

Nanjala alianguka miguuni pa baba yake akasema kweli yote. Baba hakumpiga wala hakumgombeza. Alimwinua, akamketisha kando yake.

"Unajua ni nani aliyekupa jina hilo?" aliuliza. "Ni yeye. Mwaka uliozaliwa hatukuwa na kitu. Kaka yako Barasa alikufa mwaka huo. Mama yako maziwa yalimkauka. Kukhu akawa anampa mama yako uji wake, yeye mwenyewe anakunywa maji. Ulipoanza kunenepa alisema uitwe Nanjala, ili tukikuita tukumbuke kwamba njaa ilikuja na wewe ukabaki."

Jumatatu Nanjala aliomba ruhusa kusimama mbele ya darasa. Alisimulia kwa sauti ndogo jinsi alivyokaa kimya siku ile alipoitwa, na jinsi bibi yake alivyofariki akimwita. Hakuna aliyecheka. Cornelius aliinamisha kichwa.

Mwalimu Kageha alimshika bega. "Kosa la kwanza ni letu sisi tunaocheka majina ya wenzetu," alisema. "Kila jina, liwe la Waluhya, la Wakalenjin au la Wazungu, lina watu nyuma yake. Lakini wewe pia, mwanangu, ulisema uongo mdogo ili usione aibu, na uongo huo umekunyima kitu ambacho mimi siwezi kukurudishia. Ukiitwa, itika. Hata wakicheka, itika."

"Ndiyo, mwalimu," Nanjala alisema, akarudi kuketi karibu na Jepkemboi, aliyemsogezea nafasi.