Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Jua lilikuwa linazama Mama Pacha alipofika gereji kuchukua gari lake. Watu waliendelea kumwita hivyo ingawa pacha mmoja alichukuliwa na homa mwaka juzi, akamwachia mwenzake kitanda kizima. Hakuwa na moyo wa kuwakataza.

Fundi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa maneno machache. Alimweleza kuwa loki za milango zilikufa kwa sababu kisanduku cha umeme kinachoziendesha kiliungua. Amefunga kingine cha mtumba, kilichotolewa kwenye gari bovu, na rimoti ya ufunguo ameiunganisha nacho upya. Mama Pacha akabonyeza. Milango ikaitika. Akashukuru, akaondoka.

Kwenye taa za barabarani alisimama. Ufunguo ulikuwa mahali pake, hakuna aliyeugusa.

Tak.

Akageuka. Loki ya mlango wa nyuma wa kushoto ilikuwa imeinuka. Nyingine zote zilikuwa chini. Kisha gari likabonyea kidogo, kama linavyobonyea mtu anapoketi... na ndani ikatanda harufu ya tope la mtoni.

Kesho yake alimrudia shemeji. Fundi akabadilisha betri ya rimoti, akaiunganisha tena, akazunguka na gari uani mpaka akaridhika. Magharibi ilipoingia, mchezo ukawa uleule. Mlango uleule. Na kila asubuhi kiti kile kilikutwa kimelowa, alama ndogo, ya kukaliwa na mtu mdogo.

Hapo ndipo hofu ya Mama Pacha ilipogeuka kitu kibaya zaidi. Iligeuka tumaini.

Akaanza kutoka jioni bila safari yoyote. Alisimamisha gari mahali patupu, akazima injini, akangoja. Binti aliyebaki alizoea kula peke yake. Jioni moja Mama Pacha akanong'ona bila kugeuka:

"Funga mkanda, mwanangu."

Klik.

Alilia mpaka usukani ukalowa.

Lakini binti naye ana macho. Jioni iliyofuata alimfuata mama yake hadi kwenye gari, akabandika uso kwenye kioo cha nyuma, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamshika mama mkono.

"Mama, huyo siyo yeye."

"Umejuaje?"

"Yeye alikuwa ananijua."

Usiku ule Mama Pacha hakupata hata lepe la usingizi. Asubuhi alipeleka gari gereji, akataka kisanduku kitolewe. Shemeji hakubisha. Akiwa anafungua skrubu, bila kumtazama usoni, alieleza kuwa gari lile bovu lilivutwa kutoka mtoni. Dereva, mwanamke, alikutwa amekufa, ameinamia usukani. Mtoto wake hajaonekana mpaka leo. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa wazi. Shemeji alisema alidhani chuma ni chuma tu.

Kisanduku kipya kikafungwa, rimoti ikatulia. Jioni ikapita bila kishindo, kiti kikabaki kikavu. Ilipaswa kuwa furaha. Badala yake Mama Pacha alijiona kama aliyefiwa mara ya pili, na aibu ikamtafuna. Siku iliyofuata, giza linaanza kuingia, alimwambia binti afunge mlango, akaendesha mpaka gereji kuomba arudishiwe kile kisanduku.

Alimkuta shemeji amesimama katikati ya sakafu ya saruji, taulo mkononi, ametazama chini. Nyayo za maji zilitoka getini hadi hapo, kisha zikarudi. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi ule uanze.

"Nilikuwa chini ya gari, shemeji. Niliona miguu tu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanamke. Alisema amekuja kumchukua mwanawe. Nikamwambia hapa hakuna mtoto. Akauliza lile gari lako linalala wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilidhani ni jamaa yenu. Nikamwelekeza."

Namna alivyofika nyumbani, mwenyewe hakumbuki. Anakumbuka geti lililokuwa wazi. Anakumbuka binti yake amesimama kibarazani, mzima, mabega ya gauni yamelowa chapachapa, kama mtu aliyetoka kukumbatiwa.

Akamvuta ndani. Akafunga kitasa, akasukumia na meza mlangoni. Akampapasa uso, mikono, mgongo. Nywele zake zilinuka tope.

"Alikuwa nani?"

"Mama mmoja. Alinikumbatia sana. Alikuwa analia."

"Alitaka nini?"

"Alisema niende naye. Nikamwambia mimi siyo mtoto wake."

Nje palikuwa kimya. Hata mbwa wa jirani hakubweka.

"Akasemaje?" Mama Pacha akanong'ona.

Binti akamtazama.

"Akasema haidhuru."