Bolti Tatu za Plau

Mvua za Machi zilikuwa karibu. Pale Rongai, kila asubuhi Chepkurui alikamua ng'ombe, akapika chai, kisha akaenda shambani kung'oa visiki. Mumewe, Kiplangat, alibaki akitengeneza plau waliyoazimwa na Kipkemboi, ndugu yake Chepkurui. Ulimi wa plau hiyo, yaani chuma kinachokata udongo, ulikuwa umelika. Ulimi mpya ulikuwapo tayari. Lakini ule wa zamani ulishikwa na bolti tatu zilizoliwa na kutu.

Siku hiyo Chepkurui alisikia nyundo ikigonga. Kisha akasikia mlio mwingine, mkavu, kama chungu kinachopasuka. Halafu kimya.

Alikimbia nyumbani. Kiplangat alikuwa amesimama mdomo wazi, nyundo mkononi. Kona ya plau ilikuwa imekatika, iko chini. Bolti yenyewe haikusogea.

"Plau ya ndugu yangu," Chepkurui alisema polepole. "Na yeye analima wiki ijayo."

"Niligonga tu, mama Kiptoo. Sikujua chuma huvunjika hivi."

Wakamwita jirani yao Nyongesa, fundi wa reli kule Nakuru, aliyekuwa likizoni. Aliokota kile kipande, akakigeuza.

"Hiki ni chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa," alisema. "Hakipindi. Ukikipiga kwa nguvu, kinapasuka. Pigana na kutu, usipigane na plau."

Alisugua kutu kwa brashi ya waya. Akatia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili. "Tuache mpaka kesho. Na moto usikaribie hapa."

Kesho yake alichagua spana iliyoshika nati barabara. "Ikilegea, itakula kona za nati. Utashika wapi tena?" Akagonga kichwa cha bolti kwa upole. Akaikaza nati kidogo, ndipo akailegeza. Ilipogoma hakulazimisha. Aliirudisha, akaongeza mafuta.

Chuma kililia, nati ikazunguka. Chepkurui hakuamini macho yake.

Bolti zote zilitoka. Mhunzi wa kijijini aliifunga ile kona kwa bamba la chuma, na ulimi mpya ukafungwa kwa bolti mpya zilizopakwa grisi. Kiplangat aliirudisha plau mwenyewe, akaeleza yote. Kipkemboi aligusa lile bamba, akaipokea plau yake.

Msimu uliofuata, Chepkurui alipigwa na butwaa. Kipkemboi alikuwa mlangoni, na plau yake.

"Shemeji," alimwambia Kiplangat, "nibadilishie ulimi. Mimi naogopa kuvunja."

Kiplangat alileta spana. Nati zilifunguka kwa urahisi.