Njuga za Verlin

Siku hiyo nilikuwa barazani nikitoa nyuzi za maharage mabichi, kuku wakichakura uani. Verlin, mdogo wangu, alikuwa akipiga fidla ya marehemu babu. Aliianza akiwa na miaka sita. Wimbo akiusikia kanisani asubuhi, mchana anaupiga wote. Sasa alikuwa na ishirini, na barua ya studio ya muziki ya mjini Nashville mfukoni. Wangemsikiliza Jumatatu. Wakimkataa, angeingia mgodi uleule uliomfukia baba.

Sauti ya fidla ilikuwa imepooza. Huku kwetu milimani tunatia njuga za mkia wa nyoka, zile pingili kavu anazozitikisa akikasirika, ndani ya tumbo la fidla ili sauti ikolee. Za babu zilitafunwa na panya. Sharti ni moja, kila mtoto analijua: zitoke kwa nyoka uliyemwua mwenyewe.

Verlin akampata mmoja kwenye ghala la mahindi. Akambana shingo kwa mti wenye panda, akaniita niushike. Nikashika, Mungu anisamehe. Akakata mkia kwa kisu, njuga zenye pingili saba, moja kwa kila ngozi aliyoivua nyoka yule. Nikangoja akate na kichwa.

"Mmalize basi," nikamwambia.

"Za maiti zinalia kimaiti, dada. Mwachie."

Nikauinua mti. Nyoka akaburura kile kigutu chake chenye damu hadi chini ya sakafu, akaacha harufu ya matango yaliyooza.

Nashville walimpenda. Santuri yake ikapigwa redioni asubuhi na jioni, mama akajengewa nyumba. Mwanzoni kabisa, kabla fidla haijalia, njuga zinasikika zikitikisika. Watu walisema ndiyo utamu wenyewe. Mimi nilikuwa nazima redio.

Masika ya pili akarudi. Gari lake lilinuka matango. Alinipa mkono, na ngozi yake ikabaki kiganjani mwangu, laini, ina majimaji. Nilijifuta kwenye aproni mpaka nikachubuka, kinyaa hakikuisha.

"Masika ikifika nabambuka ngozi," akanong'ona. "Zitoe, dada."

Nikachungulia kwenye tundu la fidla. Njuga zilikuwa zimenata ubaoni. Zimeota nyama. Pingili tisa. Nikaingiza koleo, nikavuta.

Verlin akajishika nyuma, mwisho wa uti wa mgongo.

"Acha," akasema. "Unaning'oa mimi."

Nikaacha. Aliendelea kurekodi, akiwa amevaa glavu mpaka mlangoni mwa studio. Mwaka uliofuata tulimzika, jeneza limefungwa, maana hakukuwa na uso uliobaki wa kuaga.

Fidla ninayo mimi, ndani ya kasha lake, juu ya kabati. Verlin ana miaka minne kaburini. Jana mchana nilisikia harufu ya matango chumbani, nikalifungua kasha kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Pingili zilikuwa kumi na nne. Kando ya fidla palikuwa na ngozi ya mkono wa kushoto, nyembamba, bado mbichi. Kwenye ncha za vidole vinne kulikuwa na sugu za nyuzi za fidla.