Jina la Kipusa Kwenye Seva

Harufu ya waya unaoungua ilianzia kwenye nywele za mtoto. Mama yake alimwosha kichwa, akarudia, ikabaki vilevile.

Baba Kipusa alikuwa fundi wa seva, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine, katika kampuni ya kupanga miadi ya wagonjwa. Bosi wake, bahili wa kutupwa, alikuwa ameokota mtandaoni plagini, programu ndogo ya nyongeza, ya bure na isiyojulikana ilikotoka. Plagini yenyewe ilikuwa na uroho: ilinyakua nyuzi zote za seva, yaani wale watendakazi wasioonekana wanaobeba maombi ya watu, na programu nyingine zikabaki kusubiri. Fundi akaitengea nyuzi zake peke yake, isiguse za wengine. Kila uzi hupewa jina. Wenzake huweka namba tu. Yeye, kwa mapenzi na utani wake wa kijinga, mmoja akauita Kipusa, jina la mwanawe.

Tangu hapo uzi ule haukupumzika, ukishughulikia kazi ambayo hakuna aliyeituma. Mchana mmoja mkewe akapiga simu.

"Baba Kipusa, njoo nyumbani. Mtoto anagongagonga ukuta kwa vidole, haachi."

Alimkuta macho wazi, kucha zinatoka damu.

"Pumzika, mwanangu."

"Siwezi, baba. Hajaniruhusu."

"Nani?"

Mtoto akamnong'oneza, "Yule uliyenikabidhi kwake."

Shangazi mtu akamleta mganga. Alinusa nywele za mtoto, akamhoji baba kuhusu kazi yake, kisha akaanza kufunga mkoba wake.

"Huyu jini aliye kwenye mashine yako hajaiba mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Amekabidhiwa, kwa jina, na baba mzazi. Kafute mwenyewe ulichoandika."

Fundi alirudi ofisini mbio, akafuta jina, na jina likajiandika upya, akafuta tena, likarudi, harufu ile ikamjaa puani huku ndani ya seva kukisikika vidole vidogo vikigonga bati, vikigonga kwa haraka zaidi kila alipofuta, mpaka akaing'oa plagini nzima na kuchomoa waya wa umeme kwa mikono miwili huku akilia. Bosi akamfukuza kazi papo hapo, mbele ya wenzake. Hakujali hata kidogo. Nyumbani Kipusa alikuwa amelala fofofo, na alipoamka aliomba chai na mkate.

Kesho yake asubuhi, mtoto akiwa mezani na mama yake, bosi alipiga simu kumringia.

"Ulidhani tutakwama bila wewe? Nimerudisha kila kitu kutoka kwenye nakala ya akiba, ile plagini, mipangilio yako yote, hata majina uliyoandika. Inakwenda vizuri ajabu!"

"Bosi, nakuomba, nakupigia magoti, zima—"

"Nenosiri nimebadilisha. Usikanyage hapa tena."

Simu ikakatika. Mezani kikombe kilidondoka, na mama akamwita mtoto kwa jina, akamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi.