Jua la Upande wa Ukonga

Udi ulianza kunukia saa tano asubuhi, na katika nyumba ile ya Tandika hakuna aliyewasha udi tangu Bi Siwema azikwe. Mwanabaraka alikuwa uani anaosha kikaangio cha vitumbua. Akanyanyuka na povu lake mikononi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kile chumba kidogo mwisho wa korido. Kufuli lipo. Ndani kuna mifuko ya saruji na baiskeli mbovu, basi. Lakini harufu ilikuwa inatoka humo humo, chini ya mlango, pamoja na ubaridi uliomgusa vidole vya miguu.

"Haya, tumeanza," alisema kwa hasira, kana kwamba anamsemesha mpangaji msumbufu.

Hasira alikuwa na haki nayo. Bi Siwema, mama mkwe wake, alifuga jini mle ndani maisha yake yote. Kila mwaka alimwandalia chano: halua, mayai, marashi, udi wa kutosha. Na kila mtoto aliyezaliwa nyumba ile alipelekwa kwanza chumbani humo, kabla hata ya kuadhiniwa sikioni, eti mgeni huyo amkaribishe. Watoto wawili wa kwanza wa Mwanabaraka walikaribishwa hivyo. Hakuna aliyefika siku arobaini. Wa tatu, Nusaiba, alizaliwa hospitali kwa ubishi wa mama yake, na Nusaiba ndiye aliyebaki.

Sasa Nusaiba mwenyewe alikuwa na tumbo la miezi tisa, mumewe Twaha yuko Songea kikazi, na daktari amesema mtoto ametanguliza matako, uchungu ukianza tu akimbizwe kufanyiwa upasuaji. Mwanabaraka alishajiapia: mjukuu wake hazaliwi ndani ya nyumba ile, hata iwe nini.

"Baba Nusaiba, husikii harufu?"

"Jirani anafukiza," alijibu Mwishehe, macho kwenye simu.

Tangu Mwishehe astaafu bandarini, kazi yake ilikuwa moja: kikundi cha wasapu kinachotangaza dalili za kiama. Nzige wakionekana, kiama. Mvua ikizidi, kiama. Mwezi ulipokuwa mwekundu aliizuia familia nzima isiende harusini Kigamboni, watu wameshavaa sare. Mwanabaraka alishachoka hadi maneno yakamwisha.

"Jirani gani anafukiza ndani ya chumba chetu?"

Mwishehe aliiweka simu pajani. Alikuwa anapiga miayo. Sebuleni Nusaiba alishalala mkekani. Bupe, mpangaji wa chumba cha mbele, mama wa Tukuyu anayeuza viazi soko la Mabibo, alikuwa amerudi mapema analalamika kichwa kizito, akajitupa kitandani na viatu vyake. Mwanabaraka naye alipiga miayo. Akakaa kwenye kigoda, akisema atapumzika kidogo tu, kikaangio kitamsubiri.

Jogoo ndiye aliyewaamsha. Umeme umekatika, simu zote zimezima chaji, mshale wa saa ya ukutani uko kwenye kumi na mbili na robo, na dirisha limejaa mwanga mwekundu.

"Astaghfirullah, alfajiri imetupita," alisema Mwishehe, akachukua birika la udhu, akatoka uani.

Halafu maji ya udhu yakaacha kumiminika.

"Mama Nusaiba," aliita hatimaye, kwa sauti ndogo. "Njoo. Jua."

Mwanabaraka alitoka. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati, kubwa, jekundu, upande wa Ukonga. Na jua la nyumba ile, tangu ijengwe, hutokea Kigamboni.

"Limechomoza magharibi," alisema Mwishehe. "Ndiyo ile dalili kubwa. Mlango wa toba umefungwa. Hata tukiswali sasa haifai kitu, Mwanabaraka. Imeisha."

Wakati huo huo, kutoka barabarani, zikalia tarumbeta. Bupe akatoka mbio chumbani kwake na kanga moja, mikono juu.

"Parapanda! Yesu wangu, parapanda! Na mie bado nimemnunia dada yangu!"

"Bupe, nyamaza kwanza nifikiri."

"Ufikiri nini, Mama Nusaiba? Tumeachwa!"

Akapiga magoti kwenye matope ya kuoshea vyombo, akaanza pambio. Na hapo ndipo Nusaiba alipotokea mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, gauni limelowa hadi chini.

"Mama. Maji yamenitoka."

"Si mnaona!" Mwishehe alipiga kelele, na jamani, ilikuwa kama amefurahi. "Imeandikwa! Siku hiyo kila mwenye mimba ataangusha mimba yake!"

"Na imeandikwa wapi kwamba baba yake asimame tu na birika? Katafute bajaji!"

"Bajaji ya kwenda wapi? Hospitali gani inafanya kazi leo? Huko nje watu wanakanyagana!" Akaliendea geti, akalifunga kwa kufuli kubwa, na kabla Mwanabaraka hajamfikia akautupa ufunguo kwenye tundu la choo. "Tufe pamoja humu humu, kwa stara."

Mwanabaraka alimtazama yule mwanamume aliyeishi naye miaka thelathini, akatamani kumpiga na kikaangio. Alichungulia nje kwenye upenyo wa geti. Akaona ukuta wa jirani tu. Jua, kwa upande wake, lilikuwa linashuka. Akamwonyesha mumewe kwa kidole: jua gani linachomoza kwenda chini?

"Linarudi lilikotoka. Nalo limeandikwa," alisema Mwishehe, akakaa chini akalia.

Ndipo sauti ikatoka koridoni.

"Mwishehe mwanangu."

Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya kikongwe mwenye kikohozi, ile ile waliyoizika makaburi ya Tandika, na ilikuja pamoja na moshi mwembamba wa udi uliokuwa unatambaa sakafuni bila kupanda juu, ukapita chini ya kiti, ukaizunguka miguu ya Nusaiba aliyekuwa ameinama kwa uchungu, na nyuma ya moshi ule Mwanabaraka alisikia kufuli la chumba kidogo likifunguka lenyewe, mifuko ya saruji ikiburutwa pembeni mmoja mmoja, na kitu kikikunjua mkeka, polepole, kama mtu anayeandaa mahali pa kupokelea mtoto.

"Mwishehe mwanangu, usihangaike. Imeshafika. Msiswali tena, haipokelewi. Mleteni binti azalie huku, mgeni amkaribishe mtoto."

"Mama," alisema Mwishehe, akasimama kama mtoto aliyeitwa kula.

Akamshika Nusaiba mkono. Nusaiba akaanza kulia, "Baba, sitaki, baba, huko kuna baridi," na Mwanabaraka akamng'ang'ania mkono wa pili, wanavutana mlangoni, tumbo la yule binti katikati yao, Bupe anaimba kwa macho yaliyofumbwa, na moshi ule ukizidi kuleta uzito wa usingizi machoni mwao wote.

Nje tarumbeta zikanyamaza ghafla. Adhana ikaanza msikitini.

Mwanabaraka alisikiliza. Mara nyingine muadhini akiumwa, Mwishehe ndiye humshikia zamu. Adhana anaijua kuliko jina lake.

"Hiyo adhana ya nini?" alimnong'oneza mumewe.

"Ya... ya alfajiri. Muadhini naye kachanganyikiwa."

"Basi msikilize mpaka mwisho. Akisema swala bora kuliko usingizi, maneno ya alfajiri peke yake, namwachia Nusaiba mkono, mpeleke unakotaka."

Wakasikiliza. Kule ndani sauti ilikuwa inaita kwa haraka sasa, Mwishehe, Mwishehe, usimsikilize huyo mwanamke. Muadhini aliita kwenye swala, akaita kwenye ushindi. Kisha akapiga takbira, akamaliza.

"Amesema?"

Mwishehe alitikisa kichwa. "Hajasema."

"Basi ni magharibi, Baba Nusaiba! Tumelazwa mchana kutwa! Kiama gani kinachotukataza kuswali na kutuagiza tumpelekee jini mtoto?"

Mwishehe alimwachia binti yake kama aliyeshika kaa la moto. Akaukimbilia mchi uani, akalipiga lile kufuli la geti huku akisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya juu, pigo na aya, pigo na aya, na chumbani sauti ya Bi Siwema ikageuka ikawa nene, ikawa haina kikohozi, ikawa inacheka.

Geti lilipofunguka, nje kulikuwa na pikapu ya matarumbeta imesimama, imejaa vijana wa bendi. Walikuwa wanampeleka bibi harusi, wakasimama kupisha adhana.

"Nyie ndiyo parapanda?" Bupe aliuliza, matope magotini.

Walimpakia Nusaiba katikati ya ngoma na tarumbeta, dereva akaondoka kasi, bibi harusi akabaki na gari lake la kukodi anashangaa.

Hospitali, mtoto wa kiume alitolewa salama. Mwanabaraka alilia ukumbini hadi kanga ikalowa, halafu akamgeukia mumewe akamtukana yote aliyomwekea tangu asubuhi, na Mwishehe akapokea kila neno, kichwa chini. Akatawadha bombani, akavaa kofia yake, akaingia wodini kwa adabu, Mwanabaraka nyuma yake.

"Shikamoo, baba," alisema muuguzi, Sista Margareta.

"Marahaba. Nimekuja kumwadhinia mjukuu wangu."

Sista akashangaa. "Si ameshaadhiniwa? Bibi yake mwingine amekuja, yule kikongwe mwenye kaniki na kikohozi. Alimwinamia sikioni muda mrefu. Nikamuuliza, kwenu kazi hiyo si ya wanaume? Akacheka. Akasema, mwambieni mwanangu asihangaike, mtoto keshakaribishwa."

Mwanabaraka alimnyanyua mjukuu wake, akamnusa utosini. Udi.

"Mwadhinie," alimwambia mumewe, akimsogezea mtoto. "Mwadhinie hivyo hivyo. Mwadhinie mpaka asikie."

Mwishehe akaweka mdomo kwenye sikio la kulia, akaanza. Mtoto akageuza shingo yake taratibu, upande wa pili. Nyuma yao Sista Margareta akapiga miayo. Kisha mama wa kitanda cha jirani. Kisha Mwishehe mwenyewe, katikati ya adhana.